Wenzi Wanne, na Aliyebaki Gesti

Jumatatu, 7 Septemba 1998

Siku kubwa. Kompyuta ya Dishon imepata gemu mpya! Dishon ni karani wa bandarini, anakaa Buxton, na sebule yake sasa ni makao makuu yangu kila nikitoka dukani. Kwenye gemu kuna joka la vichwa vitatu, na wenzi kumi na wawili walio tayari kukusaidia kuliua. Unachukua wanne tu. Waliobaki wanakungoja gesti. Na majina unawapa mwenyewe!

Mganga nimemwita Mwanarusi. Mwanarusi wa kweli anauza kanga duka linalotazamana na letu, Biashara Street, na mimi nataka kumuoa. Nikimwambia kesho kwamba bila yeye sivuki hata daraja, atayeyuka.

Jumanne, 8 Septemba

Hakuyeyuka. Aliuliza kama huyo mganga analipwa. Lakini alicheka, na mimi nikampa mteja doti tatu badala ya mbili.

Jioni balaa. Tumefika pangoni kwa joka, na Mwanarusi anakufa kila baada ya dakika mbili. Dishon akanionyesha mpiga mishale: anapiga mitatu kwa mpigo! Nikampa jina la kwanza lililonijia, Caroline. Nimempenda papo hapo. Nafasi ni nne, mtu lazima atoke. Mwanarusi nimemwacha gesti.

Jumatano, 9 Septemba

Asubuhi Dishon alipita ng'ambo ya barabara akaniuliza habari za pangoni. Nikampigia kelele kutoka mlangoni kwamba sijutii hata kidogo: Mwanarusi nimechoka naye, hana nguvu, nimemwacha gesti, na tangu jana niko na Caroline.

Barabara nzima ikanigeukia. Shangazi yake Mwanarusi alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, anachagua leso. "Wamwacha mtoto wa watu gesti, wewe?" Nikamweleza kwamba ni Mwanarusi wa kwenye kompyuta. Akataka kujua basi ni gesti gani hiyo yenye kompyuta.

Kufika adhuhuri kaka zake wawili walikuwa wameshazunguka gesti zote za Tononoka wakimtafuta dada yao. Dada yao alikuwa dukani kwake, anakunja kanga. Hanitazami.

Alhamisi, 10 Septemba

Babake, Mzee Chirau, amenitumia mtu. Anajua binti yake hakulala nje. Lakini maneno yameshasemwa mbele za watu. Kesho baada ya alasiri nipeleke watu wangu wakaombe radhi, na kama nina nia na Mwanarusi wayaseme yote mawili kwa pamoja. Kama sina, nisipite tena mtaa wao.

Nia ninayo! Na kuchagua watu wa kwenda nao ndiyo kazi ninayoiweza kuliko mtu yeyote kisiwani!

Mama akasema aende Mjomba Charo. Kwetu mjomba ndiye msemaji, posa haifunguliwi bila yeye. Lakini Mjomba anatembea polepole, anakohoa, na salamu zake peke yake huchukua nusu saa. Nguvu sifuri. Nimemwambia abaki nyumbani.

Kikosi changu: Wekesa, mbeba magunia, kwa vita. Kavumbi, fundi wa kufuli, kwa milango. Tom, anayetoa shilingi sikioni mwa mtu, kwa uchawi. Mwikali, muuguzi, kwa majeraha. Sijapata kuona timu kamili namna hii.

Ijumaa, 11 Septemba

Mposaji haingii na washenga wake, kwa hiyo nilingoja kwa muuza kahawa. Haya nimeyapata kwa Mwikali.

Walikaribishwa. Wekesa akaketi, kiti kikavunjika. Mzee Chirau akangoja kwa adabu msemaji afungue. Hakuna aliyefungua. Kila mmoja alidhani msemaji ni mwenzake. Kimya kilipozidi, Tom akatoa shilingi sikioni mwa Mzee. Mkewe Mzee, kwa kuokoa mambo, akaanza kulalamika habari za kabati lao, ufunguo umepotea mwaka mzima. Kavumbi akainuka akalifungua kwa msumari. Ndani: halua, kilo mbili. Mzee ana ugonjwa wa sukari. Ufunguo haukuwa umepotea. Mwikali akamhutubia juu ya figo zake mbele ya mkewe.

Mzee aliuliza jambo moja tu: mjomba wa kijana yuko wapi? Wakamwambia ukweli, ameachwa nyumbani. Akasema anayemwacha mjomba wake nyumbani hapewi mtoto wa watu. Wakatolewa.

Nimelia kidogo. Sioni aibu kuandika.

Jumapili, 13 Septemba

Mwanarusi amekuja Buxton! Na kaka zake wote wawili. Akaketi kwenye kiti changu, akataka aonyeshwe huyo mganga. Akamtazama sana. Kisha akafuta majina yangu yote akaandika yake. Mganga sasa ni shangazi yake. Mwenye upanga ni mamake. Yule wa ngao akamwita Tsofa. Mimi! Moyo nusura unitoke.

Akachagua wanne. Tsofa akaachwa gesti. Dishon alicheka mpaka akashika ukuta. Joka lilikufa kabla ya chai kupoa.

Akiondoka alisimama mlangoni. Akasema mamake amembembeleza Mzee, Mzee amepoa, lakini kuna watu wa Kwale wameshaleta maneno ya posa na Jumamosi watajibiwa. "Ijumaa mlete mjomba wako. Peke yake. Yuatosha."

Niliitikia bila kusikia vizuri, kwa furaha. Kati ya majina yote duniani alichagua langu! Na anayeachwa gesti hafi. Huyo ni mtu unayemtunza.

Ijumaa nimeshaipanga. Kosa nimeligundua: hatukuwa na mpiga mishale. Tom namtoa, namwingiza jamaa mmoja wa Tononoka, hodari wa manati. Mjomba Charo ameleta salamu kwamba kanzu ameshaipiga pasi na yuko tayari. Nimemjibu apumzike, nafasi ni nne tu na zote zimejaa.