Pua Yangu Pale kwa Bi Mwanne

Jumatatu, 7 Februari 2022
Leo nimeshinda! Tangu ile homa ya mwezi wa kumi na mbili pua yangu haisikii harufu yoyote. Kitunguu, moshi, kwapa la Mustafa, vyote sawa na hewa. Na mimi ndiye mnusaji wa maziwa kwenye kibanda cha Bi Mwanne, hapa Ruangwa mjini. Dumu moja lililochacha likimiminwa kwenye sufuria kubwa, maziwa yote yanakatika yakichemka. Bi Mwanne akijua, kazi yangu anapewa Mustafa muosha madumu. Sijamwambia mtu. Nimebuni njia: naangalia pua ya mwenye maziwa. Macho ya watu nayaogopa, ila pua haikutazami. Akifungua mfuniko pua ikikunjika, nakataa. Leo nimekataa dumu la mzee mmoja wa Nkowe. Kakiri mwenyewe, maziwa ya jana! Bi Mwanne kanisifu mbele ya wateja. Shule niliishia darasa la tano, lakini akili ninayo.

Jumanne, 8 Februari
Mama kapika kisamvu. Nikala, sawa na kutafuna gazeti. Nikamsifu, kisamvu leo kinanukia mpaka nje. Akanitazama. Kumbe kimeungua, jirani alishakuja mbio na ndoo ya maji. Nikasema mimi ndivyo ninavyokipenda. Akafurahi, akaniongezea. Kasema na kesho ataunguza kwa ajili yangu.

Jumatano, 9 Februari
Tatizo. Zipora, binti wa Mzee Nkwabi, wale Wasukuma wa Narung'ombe. Analeta maziwa kwa baiskeli na pua yake haikunjiki kabisa. Kakulia na ng'ombe, zizi kwake marashi. Nikaitazama sana ile pua mpaka akaniuliza kama ina kamasi. Nikaenda kunawa mikono. Mikono ilikuwa misafi.
Nimepata njia nyingine! Nitaangalia pua ya Mustafa. Ile haina adabu, inacheza kama ya sungura. Leo ikatulia, nikapokea, maziwa mazuri. Adui ananifanyia kazi na hajui! Kubeba dumu tu ndiyo shida, nilihema kama nimetoka Nachingwea kwa miguu. Nikasimama katikati ya njia, nikajifanya nawaza.

Ijumaa, 11 Februari
Balaa. Zipora kafika, nikaitupia jicho pua ya Mustafa. Imekunjika mpaka meno nje. Nikasema kwa sauti, mimi nisiyepaza sauti, haya yamechacha, yarudi Narung'ombe. Kibanda kizima kikageuka. Zipora hakubisha. Akamimina kikombe, akanywa. Akampa Bi Mwanne, naye akanywa, akalamba mdomo, akaomba tena. Mustafa chini, anacheka ameshika tumbo. Kumbe alishagundua naivizia pua yake, leo kaikunja makusudi!
Halafu akaleta kitambaa cha kuchujia kilichosahaulika juani tangu Jumapili. Akanisogezea, akauliza, haya mzee wa pua, kinanukiaje? Nikavuta pumzi ndefu. Nikasema safi kabisa. Watu wote wameziba pua, mimi peke yangu natabasamu.
Zipora hasira zikamwisha palepale. Akasema kaka yake Paschal naye tangu ile homa yuko hivyohivyo, sabuni kwake inanuka mafuta ya taa. Akanitazama kwa huruma. Hiyo imeniuma kuliko kicheko.

Jumamosi, 12 Februari
Bi Mwanne kanipeleka zahanati, kanishika mkono kama mtoto. Daktari kasema ni kile kirusi. Homa inaisha, ila pua na pumzi kwa wengine vinachelewa, miezi, hata zaidi. Ninuse karafuu na limau asubuhi na jioni, nisijitutumue na mizigo, na nisiwafiche watu.
Njiani Bi Mwanne kasema pua kuugua si kosa, kosa ni kwamba nilinyamaza, ningewaumiza watu tumbo. Zipora atanusa, mimi nitahudumia wateja. Pua ikirudi, kazi yangu ipo, Mustafa asijisumbue. Machozi yakanitoka. Nikasingizia karafuu. Akanikumbusha kwamba siisikii.

Jumatatu, 14 Februari
Nimenusa karafuu, bado ni kijiti tu, haina harufu. Zipora kanusa madumu yote, kila moja ananieleza, hili nyasi mbichi, hili moshi. Ananieleza taratibu, kama anamsomea kipofu barua. Nikamjibu najua.
Jioni kaja mama mmoja kunywa maziwa, Suzana, muuza samaki wa Nachingwea. Anatafuta kijana wa kumkagulia samaki, wabovu wamemchosha. Nilikusudia kumwambia ukweli wote, kama daktari alivyosema. Nikafungua mdomo, nikajisikia nasema kwamba mimi kwa kunusa sina mpinzani wilaya nzima. Kakubali! Naanza Alhamisi.
Wala sina wasiwasi. Pua yake nimeshaikagua. Pana, nyepesi, haijui kuficha kitu.