Safari ya Jakarta Mliyonipangia

Kibokoni, Mombasa
Jumatatu, 12 Agosti 1996

Kwa Ami Muhdhar,
Mkubwa wa ukoo, mwenye baraza, na sasa, kama ninavyoarifiwa, mkurugenzi wa safari yangu.

Assalaam alaykum. Ami, nakupa mkono wa heshima na kukuombea afya. Nimeona bora niandike, kwa sababu kila nikija barazani kulisema jambo hili nawekewa kahawa, na baada ya kahawa nawekewa mzigo.

Mambo yenyewe ni mafupi. Gazeti letu limealikwa kumtuma mtu kwenye mkutano wa bandari mjini Jakarta mwezi ujao, na mhariri amenichagua mimi. Miaka yote hii nimeandika habari za meli zinazotia nanga Kilindini zikitoka pande zile. Mimi mwenyewe safari yangu ya mbali kabisa ni Lamu. Nafasi ya namna hii kwa mwandishi wa rika langu haiji mara mbili, na nilitaka kwenda kuona hizo meli zinatoka wapi. Kwenu sikuomba kitu ila dua. Nilichopata ni haya:

1. Habari ilivuja. Nilimwambia Ngowa, mpiga picha wetu anayekaa Buxton, naye hakufungua mdomo. Nilimwambia pia mke wangu Mona, baada ya Alasiri. Kabla ya Magharibi muuza kahawa alinisimamisha njiani kunipa pole kwa vyakula vya huko. Chanzo cha habari sitakitaja, kwani ndicho kinachonipikia.

2. Kuaga. Naijua desturi: msafiri hupita nyumba kwa nyumba, na nyumba isiyoagwa huweka kinyongo mpaka Idi. Nilipita. Hakuna nyumba niliyotoka mikono mitupu. Ndugu yake babu yetu alihamia Java zamani, akaoa, akazaa, na leo tuna jamaa Jakarta ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewatia machoni, lakini kila mmoja wetu ana kitu cha kuwapelekea. Shangazi Bayan amenipa mbuzi ya kukunia nazi. Nilimweleza kwa adabu kwamba nchi ile imejaa minazi na watu wake bila shaka wamekwisha kupata njia ya kuzikuna hizo nazi. Alinijibu, nanukuu: "Nazi wanazo. Mbuzi ya Mombasa wanayo?" Kisha akaongeza furushi la karafuu. Nikamwambia karafuu asili yake ni visiwa vya huko huko. "Ndiyo vizuri," akasema, "watajua hizi ni za daraja gani."

Ndege inaruhusu kilo ishirini. Mbuzi na karafuu nimezitaja kwa sababu ni kavu. Achari ya embe sitaizungumzia mpaka suti yangu irudi kutoka kwa dobi.

3. Anwani. Kila furushi limeandikwa hivi: "Awadh, mwenye duka la vitambaa, karibu na msikiti, Jakarta." Hapa Mji wa Kale anwani hiyo ingemfikisha mtu hadi ngazini, na apewe maji. Jakarta ina watu mamilioni. Nilipouliza ni msikiti upi, mliniangalia kama mgonjwa. Ni wewe, Ami, uliyenijibu: "Kwani wewe ukifika Makupa kumtafuta mtu huwa wafanyaje? Si wauliza?"

4. Ushauri. Nimeshauriwa na watu kumi hivi, wote wenye hakika, na hakuna kati yao aliyefika. Mmoja anasema nibebe blanketi kwa sababu ya baridi. Mwingine anasema watu wa huko hawali chumvi. Bwana Mutunga, jirani yetu, alikuwa baharia na aliwahi kushuka Jakarta kwa miguu yake. Alipoanza kusema kwamba kunanyesha na mwavuli ni bora kuliko blanketi, aliambiwa anywe kahawa yake, haya ni mambo ya ukoo.

5. Posa. Nimekabidhiwa picha ya binamu yangu Salem, amesimama mbele ya Ngome ya Yesu anapoongoza watalii, niipeleke kwa binti yake Awadh. Nimeagizwa kumchunguza binti huyo kimo, tabia, mapishi, na kama hulala baada ya Alfajiri. Ami, mimi ni mwandishi wa habari za bandari. Nikiulizwa kuhusu binti wa watu nitaweza kutaja urefu wake na kina cha maji anachohitaji.

6. Azimio la Ijumaa. Baada ya kuona mizigo imenishinda, baraza limeamua nisihudhurie mkutano wote, nikae ufunguzi tu, siku zilizobaki nigawe mafurushi. Nilipokataa, likaamua vyema zaidi: aende Salem. Hoja zenu nimezipokea. Salem ana mabega. Salem amezoea wageni. Posa ni yake, hivyo picha haitahitajika na mzigo utapungua. Nilipokumbusha kwamba tiketi ina jina langu, Shangazi Bayan alisema: "Si nyote ni wa ukoo mmoja? Huyo mzungu wa ndege atajuaje?"

Kwa hiyo natamka rasmi kwamba nakwenda mimi, Abdulhalim, peke yangu, na begi moja la nguo zangu. Sitamtafuta Awadh. Sitamchunguza mtu. Jamaa tulioishi bila wao miaka yote hii tunaweza kuishi bila wao mwezi mmoja zaidi. Mafurushi yote yako ukumbini kwangu, na wenyewe wanakaribishwa kuyachukua kabla mchwa hawajaanza.

Nisalimie Shangazi Bayan na mikono yake mikarimu, Salem na mabega yake, wote wa barazani kila mmoja kwa jina lake, na Bwana Mutunga kwa namna ya pekee. Mona anawasalimu, yeye bado yuko upande wenu.

Ni mimi mwanao, mtiifu katika kila jambo isipokuwa hili,
Abdulhalim

Baada ya sahihi: Nilikuwa nafunga bahasha faksi ya waandaaji ilipoingia ofisini. Wanasikitika kwamba wageni wamezidi vyumba. Tiketi ipo, chakula cha mchana kipo, malazi kila mjumbe ajitegemee. Mhariri ameisoma, akasema gazeti halina fungu la hoteli, na kama sina pa kulala atajibu kwamba hatuji.

Ami, nimelitafakari jambo hili kwa kina. Damu ni damu. Naomba uniandikie barua kwa jamaa zetu, uwaeleze mimi ni mtoto wa nani, kwamba sikoromi, na kwamba nakula kila kitu. Mafurushi nayachukua yote. Nguo nitavaa hizi nilizo nazo mwilini. Na kama Awadh ana wajukuu, tafadhali nijulishe umri wao leo hii. Mona amekwisha kutoa cherehani awashonee.