Bonsai ya Karatasi ya Kijani

Jumatatu, 3 Machi
Nimemaliza! Bonsai ya nane. Wajapani hufunga mti kwa waya usikue, wakingoja miaka hamsini. Mimi nautengeneza kwa karatasi, mfupi kuliko kikombe cha chai, siku tatu tu. Nani fundi hapo? Shina ni mfuko wa saruji, nimeusokota. Majani mia mbili, karatasi ya kijani niliyoikuta chini kabisa ya sanduku la Mama Watoto. Ngumu, haijikunji kwa gundi. Ilikuwa na maandishi, lakini kusoma nimejifunza uzeeni, sipotezi macho ovyo. Jirani, fundi cherehani, kasema eti ni brashi ya kuoshea chupa. Wivu!

Jumanne, 4 Machi
Ofisi ya mafao wanataka cheti cha ndoa kabla ya Ijumaa kwisha. La sivyo, nikifa, Mama Watoto hatambuliki. Kaniuliza kiko wapi. Nikamwambia atafute vizuri, hana mpangilio. Kasema ni cha kijani, kigumu, kina muhuri wa zambarau.
Nikaenda kuutazama mti. Kileleni, majani matano yana zambarau. Mimi nilidhani maua! Nikayaweka juu makusudi yaonekane.

Jumatano, 5 Machi
Akili ninayo. Nimeushika mti juu ya mvuke wa birika, gundi ilegee, niunganishe cheti upya. Majani arobaini yakabanduka. Nikayapanga kwenye sinia, nikasoma kwa kidole. Kwa nilivyoyapanga, nimemwoa shahidi wa pili. Jasho! Mama Watoto akagonga mlango, nachemsha nini muda wote huo? Nikasema najifukiza, mafua. Majani yote nikayarudisha mtini mbio mbio.
Kasema kesho kaka yake anakuja kusaidia kutafuta. Shemeji! Askari jela mstaafu. Kapekua magodoro ya wafungwa miaka thelathini. Hakunipenda hata siku ya harusi.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi nimeuficha mti kwa fundi cherehani. Nikamwapisha asimwonyeshe mtu. Akacheka, akauliza, leo mzee umekubali ni brashi? Nikakubali, ni brashi.
Shemeji kapindua nyumba nzima. Kila akiinua kitu ananitazama mimi, si kitu.
Saa kumi Mama Watoto kaenda kwa fundi kuchukua gauni lake. Yule mshenzi kauweka mti dirishani, kauchomekea pini zake! Mama Watoto kasoma jani moja. Jina lake. La pili. Jina la baba yake. Karudi na mti mkononi. Shemeji akavua saa yake, akaiweka mezani taratibu. Nikajifungia chooni mpaka alipoondoka.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Watoto kaubeba mti ndani ya boksi la viatu mpaka ofisini. Mimi nyuma, kama kifaranga kilichonyeshewa. Karani kauzungusha, kauliza ndoa yenyewe iko upande gani. Akatupeleka kwa msajili. Nakala mpya hutolewa, ila mke aape kwamba huyu ndiye mumewe.
Msajili kamuuliza. Kamuuliza tena. Mama Watoto akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, kama anayechagua nyanya. Miaka arobaini na moja! Akisema simjui, mimi ni nani, nalala wapi?
Mwishowe kasema ndiye, andika tu mwanangu, keshachakaa mikononi mwangu, nitamrudisha kwa nani?
Machozi yakanitoka kidogo. Vumbi la mafaili.

Jumamosi, 8 Machi
Cheti kipya, ofisi ya mafao walikiona jana, sasa kimefungiwa kabatini, ufunguo kauvaa shingoni. Nimeapa mbele ya shemeji: karatasi ya mtu sigusi tena. Kiapo changu ni chuma.
Lakini nilikiona. Pambizo zake ni za rangi ya waridi! Wajapani wana mti wa maua ya rangi hiyo, na huo sijautengeneza. Pambizo hazina neno hata moja. Sitakikata. Nitakipunguza tu, kikae sawa. Mama Watoto huvua ufunguo akienda kuoga.
Nasikia maji bafuni.