Vidoti Vyeupe vya Kando ya Mto

Mheshimiwa mwakilishi wa mkuu wa mji. Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa mkuu wa teritwari, ambaye yuko njiani kutoka Fizi tangu jana na tunaiombea barabara. Waheshimiwa machifu, wachungaji, mapadri na wakuu wa shule. Bamama wauza samaki wa ndagala, wavuvi, wenye pikipiki, wageni wetu wa Kilembwe, Lulimba na Lubondja. Ninyi mlioketi kivulini kwa barua ya mwaliko na ninyi mlioketi juani kwa mapenzi ya mji: nasimama mbele yenu mimi Déogratias, Mkurugenzi-Mratibu wa Komite ya Kuangalia Ukuaji wa Mji wa Baraka kwa Jicho la Angani, mtu ninayemheshimu sana. Hapa simama kidogo, watu wapige makofi. (Makofi machache. Sauti: "Anasoma mpaka na ile ameandikiwa pembeni ya karatasi!")

Ninasoma kila kitu, ndugu yangu. Karatasi ikifika mkononi mwangu ninaisoma mpaka mhuri, na ndiyo sababu nimefika nilipofika.

Wapendwa, tumekutana kwa ajili ya robine moja. Wafadhili wametupatia robine moja ya maji safi, na mabomba yake yako pale mbele ya biro ya Komite, na fundi Bertin ameyakalia ili yasitembee. (Kicheko. Fundi Bertin anapunga mkono bila kuinuka.) Swali ni moja tu: robine hii iende mtaa gani? Zamani swali kama hili lilijibiwa kwa kupiga kelele, na mwenye koo kubwa alikunywa maji. Mimi nilikataa. Nilisema mji wa kisasa huamuliwa kwa sayansi, kwa plani, kwa urbanismu shirikishi yenye mtazamo wa juu kabisa, yaani kutoka angani.

Satelite, kwa wale ambao hawakubahatika kuhudhuria semina niliyohudhuria mimi siku mbili na chakula cha mchana, ni chombo kinachopita juu ya vichwa vyetu kikipiga picha za mapaa. Ukiweka picha ya miaka mitano iliyopita kando ya picha ya mwaka huu, unaona mji umeongezeka wapi, ziwa limekula viwanja gani, na watu walioshuka milimani au waliotoka machimboni wamejenga upande gani. Kwa njia hiyo imethibitika kwamba Baraka imekua kwa asilimia mia moja na kumi na saba nukta tatu, na hiyo nukta tatu nimeisimamia mimi mwenyewe. (Makofi kivulini.)

Mtakumbuka kwamba nilipita na megafoni hii hii kuwatangazia kuwa satelite ingepita Alhamisi saa nne, kila jamaa isimame mbele ya nyumba yake, imevaa vizuri, isitikisike. Ninawapongeza watu wa Kando ya Mto, ambao walisimama tangu saa nne hadi saa nane, bamama wakiwa na vitenge vya Pasaka na watoto wamepakwa mafuta. (Sauti ya mama Émilienne, muuza mikate ya mihogo, chikwangue, wa Kando ya Mto: "Mutoto wangu aliangukaka sababu ya jua, papa Deo!") Alianguka kizalendo, mama. Tunamshukuru.

Na sasa, funua kitambaa. (Kitambaa kinafunuliwa. Inaonekana karatasi kubwa kama ukuta, yenye ziwa, mto, barabara, na vidoti vingi vya buluu na vyeupe. Watu wanasema "Eee!")

Tazameni! Hili ndilo jicho la angani. Vidoti hivi vya buluu, huku juu ya kilima, ni mabati mapya yanayong'aa, mtaa wa watu walioendelea. (Sauti: "Kule hakuna hata mbuzi! Ni viwanja vyako na vya shemeji yako!") Sayansi haina shemeji, ndugu. Na vidoti hivi vyeupe, vilivyojaa huku Kando ya Mto, mia mbili na kumi na vinne, nimevichunguza kitaalamu kwa macho yangu mawili na kufikia uamuzi kwamba ni shitingi, yaani maturubai ya kuanikia mihogo. Kwa hiyo, kwa masikitiko ya kitakwimu, ninatangaza kwamba Kando ya Mto si mtaa. Ni mihogo. (Kelele.)

(Mama Émilienne amesimama: "Mihogo? Mimi niko mihogo? Batoto bangu bane banakunywaka maji ya mutoni, mwezi uliopita babili balilala ku hospitali, na we unasema tuko mihogo?")

Mama, usichukulie kibinafsi. Ni picha inayosema.

(Mzee Gisaro, jirani yake, aliyeshuka kutoka milimani na ng'ombe wawili: "Mkubwa, na ng'ombe wangu je? Nao ni unga?" Kicheko kikubwa.)

Ng'ombe watashughulikiwa katika awamu ya pili. Tuendelee. Kwa kuwa mihogo hukaushwa na haitaki maji, na kwa kuwa buluu inang'aa, robine ya Baraka itapelekwa kwenye kilima... (Kelele zinazidi. Mama Émilienne ameketi chini, amefunika uso kwa kitenge.) ...kwenye kilima, nasema, mara tu nitakapomaliza shukrani. Utaratibu ni utaratibu. Nani ana karatasi ya shukrani? (Msichana mmoja mwenye sare, Umwiza, anapanda jukwaani na kumpa karatasi kwa mikono miwili.) Asante, binti. Mwandiko mzuri. Ninasoma.

"Tunamshukuru Mkurugenzi-Mratibu kwa kutupatia karatasi kubwa." Karibuni. "Sisi, wasichana wa darasa la sita la mwalimu Solange, tulichora ramani hii kwa siku tisa, tukipita nyumba kwa nyumba na kamba ya kupimia, kwa sababu satelite haikuja." Ndiyo, hapa niwafafanulie kwamba satelite haikuja kwa maana ya kuja, kwani barua ya kuomba picha iko mezani kwangu tangu mwaka juzi, inangoja mhuri, na mhuri unangoja wino. (Mzee Gisaro: "Sasa ile siku tulisimamia nani ku jua?") Mlikuwa kwenye mazoezi, mzee. Naendelea. "Alhamisi kazi ilikuwa rahisi sana, kwa sababu watu wote wa Kando ya Mto walikuwa wamesimama nje, tukawahesabu bila kusahau hata mmoja." Mnaona? Megafoni yangu! "Maelezo ya rangi. Kidoti cha buluu: kiwanja kilichouzwa, hakuna mtu anayeishi. Kidoti cheupe: nyumba yenye watoto, isiyo na maji safi karibu. Tuliiacha nyeupe kwa sababu tunangoja kuipaka rangi siku robine itakapofika." Mwisho wa maelezo, mhuri wa shule.

(Fundi Bertin: "Umesoma wewe mwenyewe, papa Deo. Kwa megafoni.")

Nimesoma... nimesoma, ndiyo. (Fundi Bertin ameinuka. Vijana sita wanabeba mabomba. Mama Émilienne anafungua kitenge usoni, anakifunga kiunoni, anatangulia.) Naona wananchi wanaondoka kwa nidhamu kuelekea mtoni. Hiyo inalingana kabisa na mtazamo wa Komite! Kwa hiyo, pamoja: Jicho la Angani, juu! Mji wa kisasa, mbele! (Wasichana wa mwalimu Solange wanashusha ramani na kuikunja. Umwiza ana penseli ya kijani mfukoni.)

Asanteni kwa kunisikiliza. Bertin! Bertin, usifunge hilo bomba bila mimi. Acha nami nishike upande mmoja tu, hata kama ni ule mwepesi, mtu anipige picha.