Kisanduku Kinachonusa Mtaa Wetu

Jumatatu, 3 Juni
Ukuta wangu umepata cheo! Binti wa vipimo kutoka ofisi ya jiji amefunga kisanduku cheupe juu ya dirisha langu. Kinanusa hewa, kinapeleka habari ofisini bila waya. Nimebaki mdomo wazi, mimi niliyeona mengi. Ati jiji linakua, wanataka kujua watu wanaishi vizuri kiasi gani. Mtaa utakaoonekana una hewa mbaya, malori yatahamishiwa barabara ya nje. Mke wangu akashukuru: kifua cha mjukuu kitapona. Akanionya, mzee, usikiguse. Mimi? Thubutu!

Jumanne, 4 Juni
Fundi cherehani wa mtaa wa pili kanitania mbele za watu. Ati, mzee, sasa hata mashine inajua mnanuka. Damu imechemka. Mtaa huu nimeujenga kwa mikono yangu! (Nilibeba matofali. Si kujenga huko?)

Jumatano, 5 Juni
Mke kaenda sokoni. Nimepanda ngazi, nimekipulizia kisanduku manukato yake, chupa nzima. Na dawa ya mbu juu yake, kisiumwe. Kikawaka taa nyekundu. Kimefurahi!

Ijumaa, 7 Juni
Balaa. Binti kaja, kaziba pua. Ati babu, umekilewesha. Kakiondoa. Mtaa wetu hautahesabiwa, malori yatabaki. Mke kaichukua chupa tupu ya manukato, kaiweka mbele yangu. Heri angenigombeza. Chumbani mjukuu anakohoa kila lori likipita.

Jumatatu, 10 Juni
Nimevaa koti langu la harusi, nimeenda ofisini. Nilijiandaa kufoka. Lo! Ukuta mzima ni jiji letu, limechorwa kwa taa! Mtaa kwa mtaa, mpaka kule vilimani nilikokata kuni ujanani, kote watu, kote wanapumua. Sikujua tuko wengi hivi. Nikamwambia tu yule binti wa vipimo: binti yangu, kosa ni langu, mjukuu hahusiki. Akacheka. Atakirudisha. Ati hewa yenu, babu, ni mbaya hata bila msaada wako.

Jumatatu, 8 Julai
Malori yamehama! Mjukuu kalala fofofo, dirisha wazi. Nimemwambia fundi cherehani kwamba jiji lilikaa kimya, likanisikiliza mimi.
Leo binti kafunga kisanduku kingine. Hiki kinasikiliza kelele. Maskini, mtaa umetulia hivi, kitasikia nini?
Mke kaenda sokoni. Ngazi iko wapi? Nina sauti nzuri mimi.