Vidonge Kwenye Droo ya Vifungo

3 Machi, Jumatatu.
Nimetoka duka la dawa. Mfamasia, binti wa rika la kitinda mimba wangu, kanipa kiboksi chenye vyumba saba, kila siku na chumba chake. Kidonge asubuhi, kidonge jioni. Jumatatu ijayo nikirudishe akitazame. Miaka thelathini na mbili nashona suti za watu, leo nakaguliwa kama daftari la mtoto! Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, naye ana kisukari. Mfamasia humsifu mbele za watu, eti hajawahi kuruka hata siku moja. Nimeapa kumpiku.

5 Machi, Jumatano.
Vidonge vinanivuruga tumbo. Jana nimemwacha bwana harusi kasimama na futi shingoni, nikakimbilia chooni. Biashara gani hiyo? Leo nimepata mbinu. Natoa kidonge chumbani mwake, nakitia kwenye droo ya vifungo, chini ya vile vyeupe. Mke wangu kauliza kama nimemeza. Nimemwonyesha chumba kitupu. Sikutamka uongo hata mmoja.

8 Machi, Jumamosi.
Shemeji kaja na kiboksi chake mfukoni. Nikamtolea changu. Sare! Akahamia kwenye miguu yangu, kwa nini nashona peku. Nikamwambia mashine husikika kwa unyayo, yeye karani atajua nini. Akanitupia methali: mdharau mwiba, mguu huota tende. Nikamjibu kwamba humu mna pini, hamna miiba.

10 Machi, Jumatatu.
Za mwizi arobaini. Zangu hazikufika hata saba.
Mfamasia kafurahia kiboksi, kisha akanichoma kidole. Kipimo kikaonyesha namba ambayo hakuisoma kwa sauti. Akaniomba nivue viatu. Pini! Pini yangu mwenyewe, ya kichwa chekundu, imezama kwenye unyayo. Sijui tangu lini. Sikuisikia.
Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Aliuliza tu dawa inanifanyia nini. Nikamsimulia ya bwana harusi. Akacheka, nami nikacheka. Akampigia daktari simu, nikabadilishiwa vidonge vya kuyeyuka taratibu, nimeze pamoja na chakula. Akanipeleka zahanati ya jirani kidonda kikaoshwa. Njiani akasema, mzee wangu, mguu unaouma haunitishi, wa kuogopwa ni ule usiouma, na wapo waliokatwa. Nimeogopa, nasema kweli. Fundi bila mguu wa kukanyagia cherehani ni nani?

24 Machi, Jumatatu.
Tumbo shwari. Kiu imekwisha. Natunga uzi bila miwani! Kipimo kizuri, na safari hii mfamasia kakisoma kwa sauti, shemeji akiwepo. Naye kapimwa, nimemshinda kwa pointi mbili. Akasema hongera kwa shida. Mfamasia kaniomba Jumamosi nizungumze na wagonjwa wapya.

26 Machi, Jumatano.
Nimekaa nikafikiri. Dawa ni ya mgonjwa. Mimi si mgonjwa, kipimo kimesema chenyewe. Kumeza tena ni kuharibu dawa ya watu. Vya jana na leo viko kwenye droo, chini ya vifungo vyeusi, maana vyeupe mke wangu keshavipekua. Kiboksi kitupu kitanifaa Jumamosi, nitakiinua juu wote wakione.
Viatu alivyoniagiza mfamasia nishone navyo pia nimevivua, vilikuwa vinaniharibia mwendo wa mashine. Nimeshona peku tangu asubuhi. Mguu hauumi hata kidogo.