Samaki wa Fungo

Jumanne, 4 Machi
Nimeificha nyumba nzima jambo moja: samaki wangu wa jioni huliwa na fungo. Binti yangu akitoka tu chumbani, nafungua dirisha, nakung'uta sahani. Mnyama wa madoadoa anatoka msituni, anakula, anaondoka bila asante. Sahani ikirudi jikoni tupu, binti yangu huimba. Na mimi ni hakimu mstaafu!

Leo balaa. Mjukuu wangu wa kike, msomi wa wanyamapori, kagundua choo cha fungo nyuma ya ua. Fungo ana adabu zake, hujisaidia mahali pamoja. Atapeleka mavi hayo maabara, wasome vinasaba vilivyobaki humo, wajue mnyama kala nini. Enzi zetu mavi yalikuwa kimya.

Nikaenda na mkongojo kuyafukia. Nikateleza. Nikakalia ushahidi.

Jumatatu, 17 Machi
Majibu yametoka. Fungo kala panya, kumbikumbi, matunda ya mwituni. Na samaki wa baharini! Bahari iko mbali na hapa, safari ya siku mbili. Mjukuu alidhani vyombo vilikuwa vichafu. Kabadili glavu, karudia upya. Samaki yuleyule. Sasa anarukaruka kama mwali. Ijumaa atawaeleza walimu wake.

Akaniuliza waziwazi: Babu, kuna mtu hapa anamtupia chakula? Nikamjibu kihakimu kwamba sijamwona mtu yeyote akitupa. Kweli tupu. Chumbani kwangu hakuna kioo.

Jumatano, 19 Machi
Nimempa nadharia: labda ndege wa pwani, kapita juu, kadondosha samaki. Nilitaka apotee kidogo tu. Kaiandika! Na jina langu kaliweka kwenye shukrani!

Nimewaza mchana kutwa. Vinasaba hutaja samaki, havitaji sahani. Havijui kama alichemshwa, wala nani alimchemsha, wala kwa matumaini gani. Sijui nimewafunga wangapi kwa ushahidi wa namna hiyo, kila neno kweli na kisa chenyewe uongo. Wengine walinitazama machoni, nikadhani ni ujeuri.

Ijumaa, 21 Machi
Nimesema. Asubuhi, kabla mjukuu hajatoka, viatu mkononi. Akaketi kitandani pangu, akafunga kamba za viatu polepole mpaka nikatamani kifungo. Kisha: "Yaani wewe mume wangu, ungeniacha niumbuke mbele za watu?" Nikasema ndiyo, ningekuacha. Akacheka hadi machozi, nisijue machozi yapi ni ya kicheko.

Jioni karudi kanywea. Walimu wamemsifu kwa kusema ukweli, wakamtaka aanze upya, msitu mwingine. Kazi ya miezi, kwisha. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kisha akaenda jikoni kunitetea. Nilimsikia akimwambia mama yake: Babu wa watu hana kosa, samaki wa kuchemsha bila chumvi nani atamla? Binti yangu akajibu kwamba daktari ndiye aliyekataza chumvi, ila basi, mara moja haiui. Nikaona mlango wa kutokea. Nikapita.

Jumapili, 23 Machi
Leo samaki kakaangwa. Chumvi, ndimu, vitunguu. Nyumba nzima inanukia. Binti yangu kaja na kiti, kakaa mbele yangu, mikono mapajani, kunitazama nikila. Nimetafuna. Nimesifu. Nimesema Baba yako atakuzika wewe, akanizomea kwa furaha. Alipogeuka kuchukua maji, leso ikafanya kazi yake. Mara nne! Uzee una wepesi wake. Kaondoka na sahani akiimba.

Kesho nitahitaji leso kubwa zaidi.

Chumvi haina hatia. Tangu mvua za vuli koo langu halimezi kitu kigumu, na najua maana yake, na sijamwambia mtu.